Mwaka Niliosimama Kabla ya Kupona

Tulimzika Naliaka kule Cheptiret, nyuma ya nyumba ya mwanawe wa pili, siku ya mvua nyepesi ambayo haikujua kama inyeshe au iache. Nilikalishwa mbele, penye viti vya wazee, kwa sababu watu walikuwa wameambiwa kwamba mimi ndiye rafiki yake wa zamani kuliko wote waliobaki. Mjukuu wake, msichana mwenye sauti safi, alisoma habari za maisha yake. Alisoma jinsi nyanya yao alivyokuwa na mdomo, jinsi alivyomtania kila mtu kuanzia chifu hadi muuza makaa, jinsi sauti yake ilivyosikika kutoka barabarani kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Watu walicheka chini ya hema, wakatikisa vichwa, wengine wakafuta macho. Kisha msichana akasoma kwamba nyanya aliugua mara moja tu katika ujana wake, ile homa ya siku za masetla, akapona kabisa, asiugue tena hadi uzee ulipomchukua. Hapo niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu vilivyojaa tope. Nilijua zile kelele zilianza wapi na zilianza kwa nini. Nilijua pia kwamba neno hilo, kabisa, marehemu mwenyewe asingelikubali. Lakini matanga si mahali pa kumsahihisha mtoto anayelia huku akisoma. Tangu siku hiyo mwaka ule umerudi nyumbani kwangu ukakaa, kama mgeni ambaye hasemi ataondoka lini.

Wakati huo sikuwa nimefika miaka ishirini. Niliishi na shangazi yangu, tuliyemwita Senge, katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Plateau, na nilifundisha watoto wa darasa la kwanza katika skuli ya shamba: chumba kimoja cha udongo na mabati, ambacho Jumapili kiligeuka kanisa. Homa ilikuja na baridi ya katikati ya mwaka. Wengine walisema imeletwa na watu wa garimoshi, wengine walisema ni upepo. Ilianza kwa kuumwa mgongo na macho, kisha kifua kikajaa, na katika nyumba ya watu sita watano walikuwa wamelala na wa sita ndiye aliyechota maji. Watoto wetu wa skuli walitoweka benchi kwa benchi, na wengine hawakurudi. Siku niliposhindwa kusimama, Senge alinifunga blanketi akanipandisha kwenye lori la kupeleka krimu mjini. Nilienda Eldoret, mji ambao sisi tuliuita Sisibo, nimelala katikati ya makopo ya krimu yaliyogongana njia nzima, nikidhani kelele ile inatoka ndani ya kichwa changu.

Hospitali ya Waafrika ilikuwa imejaa hadi kwenye veranda. Mablanketi yalikuwa ya kijivu, sakafu ilinuka dawa ya kuoshea, na vitanda havikutosha, kwa hiyo wanawake tulilazwa wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwa miguu ya mwenzake. Ndivyo nilivyokutana na Naliaka. Kabla sijauona uso wake nilizijua nyayo zake, ngumu na zenye nyufa nyeusi, kwa sababu alibeba magome ya miwati katika uwanja wa kiwanda, yale magome yanayokamuliwa dawa ya kulainishia ngozi za ng'ombe, na rangi yake haitoki. Kwa siku nyingi hatukuongea. Tulikohoa kwa zamu tu. Sauti yake ya kwanza niliisikia asubuhi moja dresa alipokuwa akipita na sindano zake.

"Wewe Mnandi," alisema kutoka upande wa pili wa kitanda, "miguu yako ni baridi kama ya chura."

Nilimwambia aniache nife kwa amani.

"Utakufa baadaye. Kwanza toa hiyo kidole kwa mdomo yangu."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaniinua nikakaa, na ndipo nikamwona: uso mwembamba, midomo iliyokauka, macho yaliyoingia ndani lakini yanayotafuta mtu wa kuchokoza. Tulikaa vile tukitazamana, kila mmoja akishika mbavu zake. Mpaka leo nikimfikiria humwona hivyo, ingawa baadaye alinenepa, akazaa, akawa mama mkubwa wa kuogopwa sokoni.

Tuliruhusiwa asubuhi moja pamoja. Daktari alipita haraka, akagonga migongo yetu kwa vidole, akasema maneno mawili kwa Kizungu, na dresa akatutafsiria kwamba homa imekwisha, twende nyumbani. Naliaka akauliza, na kifua je? Dresa alikuwa kijana aliyechoka kuliko wagonjwa. Alijibu huku akikunja blanketi letu, maana nje kulikuwa na wanawake wengine wawili wanaongoja kitanda.

"Homa ndiyo inatangulia," alisema. "Kifua kitafuata."

Tulitoka tukishikana kama walevi. Pale langoni Naliaka aliketi juu ya jiwe, akatazama nyuma, akasema tukingoje basi hicho kifua, pengine kiko njiani kinakuja. Tulicheka tena, tukakohoa tena. Sikujua kwamba ningekingoja mwaka mzima, na baada ya mwaka ningeacha kuhesabu.

Senge alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa haraka, na ndiye aliyewaongoza kina mama wa kanisa letu. Nilipokuwa hospitalini alikuwa amewakusanya wenzake katika ghala la mahindi kila jioni wakaniombea, na yeye mwenyewe alikataa chakula cha mchana siku zote hizo. Nilipoingia uani hakunikumbatia. Alinishika kidevu, akanigeuza uso upande huu na upande ule kama mtu anayekagua kibuyu kama kina ufa, akasema, "Mungu ni wa kweli." Halafu akaniambia Jumapili nitasimama.

Kusimama kulikuwa desturi yetu. Mtu aliyetoka hospitali, Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, aliitwa mbele, jamaa yake wakasimama nyuma yake, naye akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba Mungu amemponya. Watu waliitikia, kisha wakaimba wimbo wa shukrani, ule ule kila mara, halafu wote wakaja nyumbani kunywa chai. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo, lakini ilikuwa na nguvu kuliko nyingi zilizoandikwa. Aliyekwisha kusimama alikuwa amepona. Ugonjwa wake ulifungwa kama kaburi linavyofungwa. Akikohoa baadaye watu walitazama pembeni kwa adabu, kama vile amefanya jambo lisilotajwa mbele ya wageni. Na asiyesimama alisemwa vibaya zaidi: alikuwa amekula neema akafuta mdomo. Nimefikiri sana, katika miaka hii ya kuwa na nafasi ya kufikiri, kwa nini watu wenye busara kama wale waliiweka siku hiyo karibu hivyo. Nadhani tulikuwa tumezoea magonjwa ya aina mbili tu, yanayoua na yanayoacha. Homa inayoondoka na kuacha mizigo yake ndani ya nyumba hatukuwa na jina lake.

Nilisimama. Nilishika mgongo wa benchi kwa mkono wa kushoto ili nisianguke, na Senge nyuma yangu alinishika kiwiko, watu wakadhani ni upendo. Nilisema nilichotakiwa kusema. Wimbo ulipoanza nilifungua mdomo bila kutoa sauti. Nyumbani wakanywa chai yenye maziwa mengi, wakala mahindi na maharagwe, na wanaume wakazungumza nje juu ya lile trekta jipya la Kaburu, ambalo walisema linakunywa mafuta kuliko Kaburu mwenyewe anavyokunywa kahawa. Mimi nilikuwa chumbani nimelala chali, nikiusikia moyo wangu ukipiga masikioni kama mtu anayetwanga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu mwaka ule. Nikiinama kuchota maji dunia iliinama pamoja nami. Kilima kidogo kati ya nyumba na skuli, ambacho utotoni nilikipanda nikikimbia, kilikuwa na mahali pa kusimama karibu na mti, na pengine karibu na uzio, na pengine tena pasipo na kitu cha kujisingizia, ambapo nilijifanya ninafunga kamba ya kiatu. Nywele zilitoka nikichana, fungu zima, nikazichoma kisirisiri. Harufu ziliondoka zote. Senge alikuwa fundi wa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na alikisugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti aliouchagua mwenyewe, hata watu wa mashamba ya jirani walijua maziwa yake kwa harufu. Alinimiminia bakuli kila asubuhi akanitazama nikinywa. Sikusikia moshi, sikusikia mti, sikusikia chochote ila ubaridi na uchachu. Nilimwambia ni tamu sana. Alitabasamu, na mimi nikahisi nimekula kitu cha mtu ambaye hayupo.

Kibaya zaidi kilikuwa skuli. Tuliwafundisha watoto kwa kuimba. Karatasi hazikuwepo, vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo herufi ziliimbwa, hesabu ziliimbwa, hata siku za juma ziliimbwa, mwalimu akitangulia na watoto wakifuata. Kabla ya homa nilikuwa na sauti ya kufika hadi kwenye zizi la ng'ombe. Sasa niliishiwa pumzi kabla ya kumaliza mbili mara tano. Watoto walingoja, midomo wazi. Mara nyingine pumzi ilikuwepo lakini neno lilikuwa limekwenda. Nilimtazama mtoto niliyemjua tangu akinyonya, na jina lake likawa halipo, pamebaki pengo safi kama pale jino lilipong'oka. Watoto hawakunicheka. Walianza kuniangalia kwa upole, na upole wa watoto wadogo ni kitu kizito kubeba.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Samweli, ndiye aliyefundisha siku za kazi na kuhubiri Jumapili. Alikuwa mtu mwema, mfupi, aliyefunga tai hata akipalilia mahindi. Kabla sijaugua alikuwa ameniambia kwamba misheni itachukua msichana mmoja kutoka skuli za mashamba, aende chuo cha ualimu mwaka unaofuata, na kwamba bibi wa misheni atakuja siku ya sherehe ya mavuno kuangalia anafaa nani. Jina langu lilikuwa kinywani mwake. Hapakuwa na jambo nililolitaka zaidi duniani. Nilikuwa nimekwisha kuliona hilo bweni, kitanda changu peke yangu, taa, sanduku la mabati chini ya kitanda. Baada ya kusimama kwangu alizidi kufurahi. Alisema bibi wa misheni atapenda kusikia ushuhuda wangu, kwa kuwa sasa mimi si mwalimu tu, ni mfano. Nikajibu ndiyo, Mwalimu. Ningemjibu nini? Msichana mgonjwa hapelekwi chuoni.

Naliaka alinitembelea Jumapili moja moja, akipata lifti ya lori au akitembea kipande cha njia. Senge alimkaribisha vizuri lakini hakumpenda, akisema ana domo kama la kanga. Na kweli alikuwa amebadilika. Hospitalini alinong'ona, ila sasa alikuwa akipiga kelele tangu langoni, akimwita Senge "mama mkwe", akiwatukana kuku. Nilidhani amepona, nikamwonea wivu uliokuwa karibu kunitoa machozi. Siku moja tulikaa nyuma ya jiko tukimenya maharagwe mabichi, na baada ya muda nikaona kifua chake kinavyopanda na kushuka, haraka, haraka, kama cha ndege uliyemshika mkononi. Nikamuuliza amerudi kazini vipi na kifua kile.

Aliangalia kwanza kama Senge yuko karibu. Kisha akanieleza kwa sauti yake ya hospitalini. Asiyefanya kazi hakai laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, na chumba chake cha laini ndicho alichokuwa nacho. Nyapara wa uwanja alikuwa mzee mwenye macho mabaya, aliyekaa kivulini akisikiliza kuliko kuona. Mbeba magome akinyamaza, nyapara aliuliza yuko wapi. Kwa hiyo Naliaka aligundua jambo.

"Nikitaka kupumzika natukana mtu," aliniambia. "Naweka mzigo chini, nashika mti, natafuta mtu wa karibu, namwambia miguu yake imepinda kama ya meza. Wote wanacheka. Nyapara akisikia kelele anasema, huyo Naliaka ako kazini. Nikimaliza pumzi imerudi, nabeba tena."

"Na wenzako hawajui?"

"Wanajua nimekuwa mtu wa matusi. Hiyo si ugonjwa."

Nikamwuliza kama kanisani kwao alisimama. Alitema mate pembeni, si kwa dharau, kikohozi kilikuwa kimempanda. Alisema kwao pia walimwita, naye aliwaambia kwamba atangoja kwanza. Mzee wa kanisa akamuuliza anangoja nini, akamjibu anangoja kupona. Tangu hapo hawakumwita tena. Hakuonekana kujivuna wala kusikitika. Alichukua ganda lingine la maharagwe akalipasua kwa kidole gumba. "Wewe ulisimama mapema," alisema. "Sasa utasimama mpaka lini?"

Ilikuwa miezi ya mwisho wa mvua Mama Lea aliponijia. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama wa watoto watatu ambao homa ilimwachia wawili. Aliyekufa alikuwa wangu darasani, msichana aliyependa kuketi karibu na mlango ili aone ng'ombe wakipita. Mama Lea hakuwa amezungumza sana tangu mazishi. Alinikuta nikianika mahindi, akaanza kuyageuza pamoja nami bila kuombwa. Halafu akaniuliza kama nakumbuka maneno ambayo Senge na kina mama waliomba ghalani. Nilimwambia sikuwepo, nilikuwa hospitali. Akasema anajua, lakini pengine Senge aliniambia baadaye. Yeye naye alikuwepo ghalani siku mbili tatu za mwanzo, kisha mtoto wake akashikwa, akabaki nyumbani, akaomba peke yake, na hakujua kama aliomba vizuri.

"Nataka tu kujua nilikosea wapi," alisema. "Wewe uliombewa ukapona. Wangu nilimwombea mimi."

Mikono yake haikuacha kugeuza mahindi. Hakuwa akilia. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi kiasi gani inatiwa katika chakula fulani, kwa sababu chake kiliharibika. Nilifungua mdomo nimwambie. Senge akatokea mlangoni akiuliza kama mvua itatuwahi, na Mama Lea akainuka, akapangusa mikono, akaenda zake. Nilibaki pale nikivuta pumzi iliyokataa kushuka. Usiku na mchana baada ya hapo nilikuwa na mizani kichwani. Upande mmoja chuo, na jina la Senge, na vile vyakula vyake vya mchana alivyolinyima tumbo lake. Upande wa pili mwanamke mmoja aliyekuwa akijihukumu kwa sababu ya kupona kwangu, nako kupona kwenyewe hakukuwepo.

Nilijaribu kuzungumza na Senge kwanza. Alikuwa akiosha vibuyu. Nilimwambia kifua changu bado, harufu bado, nikipanda kilima naona giza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba shetani hupenda kurudi kuulizia nyumba yake ya zamani, na mtu asimfungulie kwa kumjibu. Nilimwambia si shetani, Senge, ni mapafu. Akaweka kibuyu chini. Aliniambia, polepole, kwamba kina mama wale walikuwa wamezika watoto wao, waume zao na dada zao mwaka ule, na kwamba walikuwa na mtu mmoja tu wa kumnyooshea kidole wakasema, yule hapa, tulisikiwa. Aliuliza kama nataka kuwaondolea hata huyo. Hakuwa mwanamke mjinga. Alikuwa amebeba kanisa zima mgongoni, nami nilikuwa fimbo yake.

Siku ya mavuno ilifika ikiwa na jua na upepo wa baridi. Chumba kilijaa mahindi, maboga, maziwa, kuku waliofungwa miguu, na bibi wa misheni akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mikono, kofia yake mapajani. Watoto wangu waliimba wimbo niliowafundisha kwa mikono zaidi kuliko kwa sauti. Waliimba vizuri. Bibi wa misheni alimnong'oneza Mwalimu Samweli, naye akasimama, tai yake imenyooka, akaeleza jinsi mwalimu wa watoto hawa alivyopelekwa Sisibo akiwa karibu kufa na jinsi alivyoponywa kwa maombi ya kina mama. Akaniita nisimame tena, niseme mwenyewe.

Nilisimama. Senge alikuwa nyuma yangu, mkono wake tayari kwenye kiwiko changu. Benchi la tatu, upande wa wanawake, Mama Lea alikuwa ameinua uso, na hakunitazama kama wengine walivyonitazama. Alikuwa anasubiri maneno, yale maneno aliyodhani ninayo. Nilikuwa nimepanga kusema kidogo, kitu cha katikati, kitakachomfaa kila mtu. Pumzi haikutosha kwa maneno mengi, kwa hiyo nilisema yale machache yaliyobaki.

"Sijapona," nilisema. "Homa iliondoka, lakini mimi sijapona. Mama Lea, hukukosea popote."

Hakuna aliyeitikia. Kila ushuhuda wetu ulifuatwa na wimbo wa shukrani, nao huo haukuwa na wimbo. Mwalimu Samweli alikifungua kitabu cha nyimbo, akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena, na hakutaja namba. Kuku mmoja alipiga mbawa sakafuni. Kisha nikasikia kitu kingine, na nikatambua kwamba chumba kizima kinakisikia: ni pumzi yangu mwenyewe, ikivuta na kukwaruza kama msumeno butu kwenye ubao mbichi. Miezi yote ile nilikuwa nimeificha nyuma ya miti na kamba za viatu, na sasa watu wote waliisikiliza kimya, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kusikiliza. Bibi wa misheni aliuliza kwa sauti ya chini nimesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Mama Lea alikuwa amefunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka, na mwanamke aliyekaa karibu naye alimvuta kwake. Mkono wa Senge ulitoka kwenye kiwiko changu. Nilitegemea kuanguka, nikashangaa kwamba bado nimesimama.

Aliyekwenda chuoni alikuwa msichana wa shamba jingine, na nasikia alikuwa mwalimu hodari. Mimi nilibaki na darasa langu la kwanza, miaka yote, nikifundisha nimeketi, kwa sauti ya nusu, nikimpa mtoto mmoja atangulie kuimba badala yangu. Harufu zilirudi kidogo kidogo, si zote. Pumzi haikurudi ilivyokuwa. Naliaka alinielewa bila kuelezwa, na kwa miaka mingi, kila tulipokutana kwenye umati wa watu akaniona nimechoka, alinitukana kwa sauti kubwa, ili watu wamtazame yeye, mimi nipate nafasi ya kuketi.

Lakini nikikumbuka siku ile ya mavuno, sikumbuki chuo. Nakumbuka njia ya kurudi nyumbani. Chakula kililiwa bila kelele, watu wakatuaga bila kutushika mikono, na Senge akatangulia na kapu lake tupu kichwani, hakunisubiri. Nilijua nimemvunjia kitu ambacho sitaweza kukitengeneza, na kweli hatukulizungumza jambo hilo mpaka alipokufa. Tulianza kupanda kilima. Nilifika penye mti, nikasimama kuvuta pumzi, nikatazama chini ili nisimwone akizidi kwenda. Nilipoinua macho alikuwa amesimama. Hakugeuka. Alikuwa ameupa mgongo upepo, mkono mmoja kwenye kapu, akitazama mbele kama mtu anayeangalia njia. Niliposogea, naye akasogea. Niliposimama penye uzio, akasimama. Na pale katikati, pasipo na mti wala uzio wala sababu yoyote, nilisimama tena bila kuinamia kiatu, na hatua zake mbele yangu zikanyamaza, zikangoja.